Mtungi wa dizeli unaopotea safarini: Huenda mwizi ni injini yenyewe

WAMILIKI wa malori ya masafa marefu wana ugomvi mmoja usiokwisha na madereva wao. Lori hutoka Mombasa likiwa limepimiwa dizeli ya kwenda Malaba na kurudi. Linaporejea yadini, hesabu huonyesha upungufu wa mtungi mmoja wa lita 20. Mwajiri hudai kwamba dereva ameinyonya dizeli hiyo na kuiuza kando ya barabara. Dereva naye huapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba hajagusa hata tone. Mwishowe upungufu huo hukatwa kwenye mshahara, na ukijirudia mara mbili tatu, kazi huota mbawa.

Si siri kwamba wizi wa dizeli upo katika barabara hiyo, na wapo madereva wanaoufanya. Hata hivyo, yupo mwizi mwingine ambaye ni nadra kushukiwa, naye huchukua kiasi kinachokaribiana mno na mtungi huo. Mwizi huyo ni injini inayofanya kazi ikiwa na joto pungufu, huku ikizunguka ndani ya oili nzito kupita inavyohitaji.

Kutoka Mombasa hadi Malaba ni takriban kilomita 930, hivyo safari ya kwenda na kurudi ni kama kilomita 1,860. Tukichukulia kwamba trela lenye shehena huenda kilomita mbili kwa lita, safari hiyo itameza lita 930. Injini ikizidisha matumizi yake kwa asilimia mbili pekee, hizo ni lita 18 na ushei. Mwenye lori akipima kwa kijiti ndani ya tangi, kama wengi wanavyofanya, ataona mtungi mmoja umetoweka.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba mara nyingi hasara hiyo huwa imetokana na kitendo kilichofanywa kwa nia njema. Lori lilichemka mlimani, fundi wa kando ya barabara akaitwa, akafungua bomba la juu la rejeta, akang'oa kifaa kidogo kinachoitwa themostati na kukitupa vichakani. Lori liliondoka likiwa poa, na kila mtu akamshukuru fundi.

Oili ni kama samli

Dizeli inapoungua ndani ya injini, sehemu kubwa ya nishati yake hupotea kama joto kupitia kwa ekzosi na rejeta. Nishati inayobakia ndiyo inayolisukuma lori, nayo pia haifiki yote barabarani. Mwaka 2014, watafiti wa taasisi ya VTT ya Finland na maabara ya Argonne ya Marekani walichapisha makadirio yao kuhusu malori na mabasi duniani. Walipata kwamba takriban theluthi moja ya nishati yote ya mafuta huishia katika kupambana na msuguano, yaani wa magurudumu, gia, breki, mitambo saidizi na injini yenyewe.

Fungu kubwa zaidi la hasara hiyo huchukuliwa na magurudumu. Fungu la injini ni chini kidogo ya moja kwa tano. Kwa maneno mengine, katika kila lita 100 za dizeli, lita kama sita hivi hutumika kuzisukuma pistoni, ringi, beringi na pampu ndani ya oili. Lita sita huenda zikaonekana chache, lakini ndizo ambazo mwenye lori anaweza kuzipunguza au kuziongeza bila kujua, kwa kuchagua oili na kwa kudhibiti joto la injini.

Kiini cha mambo ni mnato, ule uzito wa oili ambao mafundi hupenda kuupima kwa kuisugua baina ya kidole gumba na kidole cha shahada. Mnato hubadilika kulingana na joto, na hubadilika sana. Anayepika kwa samli anaujua mfano huu vyema. Asubuhi ya baridi samli huganda chupani, lakini ikiwekwa karibu na jiko hutiririka kama maji.

Chukua oili ya 15W-40, ambayo ndiyo hutumiwa zaidi na malori nchini. Ikiwa na joto la nyuzi 40, mnato wake huwa kama sentistoki 115. Ikifika nyuzi 70 hushuka hadi karibu 35, kwa nyuzi 90 huwa kama 19, na kwa nyuzi 100 hufika 15 hivi. Tazama tofauti iliyopo baina ya nyuzi 70 na nyuzi 90. Ni oili ile ile, kutoka kwa mtungi ule ule, lakini kwa nyuzi 70 uzito wake unakaribia kuwa maradufu.

Msuguano hauongezeki sawa na mnato, kwa kuwa kuna mahali ndani ya injini ambapo vyuma hukaribiana mno na unene wa oili husaidia kuvitenganisha. Lakini hasara ile ya lita sita ikiongezeka kwa theluthi moja tu, tayari ni lita mbili zaidi katika kila 100. Hiyo ndiyo asilimia mbili iliyotajwa hapo awali, na ndio mtungi anaodaiwa dereva.

Katika injini za malori makubwa, joto la oili hufuata joto la maji kwa karibu. Oili hupitishwa ndani ya kipozaji ambamo maji ya rejeta hupita upande wa pili. Injini inapoanza kazi, maji yanayopata moto haraka huipasha oili. Mzigo unapozidi, maji hayo hayo huipoza. Kwa hivyo anayeyapoza maji kupita kiasi huwa pia ameipoza oili, apende asipende.

Kutoka baharini hadi Timboroa

Ni barabara chache zinazoitesa injini kama hii inayotoka bandarini kuelekea mpaka wa Uganda. Lori huanza safari kwenye usawa wa bahari, katika joto na unyevu wa Mombasa. Likishapita kituo cha mizani cha Mariakani, hupanda polepole katika nyika ya Voi na Mtito Andei, huku jua la mchana likichoma, kisha hukaza mwendo wa kupanda kuelekea Emali, Sultan Hamud na Salama. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Baada ya hapo kuna mlima wa Limuru, mteremko wa Bonde la Ufa, Nakuru, Salgaa na ule mpando mrefu wa Mau Summit hadi Timboroa, ambako barabara hufika takriban mita 2,700. Kisha lori huanza kuteremka kupitia Eldoret na Webuye hadi Malaba.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki huruhusu lori la ekseli saba kuwa na uzani wa hadi tani 56 pamoja na shehena yake. Trela la aina hiyo linapopanda kwa gia ya chini, injini hutoa nguvu zake zote huku upepo unaoingia kwenye rejeta ukiwa mdogo kwa sababu mwendo ni wa kobe. Huko Timboroa hewa nayo ni nyepesi kwa karibu robo ikilinganishwa na hewa ya Mombasa, hivyo kila pigo la feni hubeba joto kidogo zaidi ya lilivyobeba pwani. Si ajabu basi kwamba rejeta yenye kasoro, ambayo haikuonyesha dalili yoyote Changamwe, hufichua aibu yake mlimani.

Saa mbili baadaye lori lile lile huwa linateremka. Mguu wa dereva haupo kwenye kichapuzi, dizeli haiingii kwenye injini, na upepo wa baridi wa nyanda za juu unaipiga rejeta kwa nguvu. Hapo joto huweza kushuka mno. Halafu kuna foleni. Injini ya dizeli iliyoachwa ikinguruma bila kazi haizalishi joto la kutosha kujitunza, ilhali hunywa kama lita mbili au tatu kwa saa. Katika foleni ndefu za Malaba za mwaka 2020, wakati madereva walipokuwa wakipimwa virusi vya corona mpakani, injini ya namna hiyo ingeweza kumaliza dizeli nyingi bila gurudumu kuzunguka.

Themostati iliundwa kwa ajili ya mabadiliko haya. Ni vali iliyojazwa nta inayotanuka kwa joto. Maji yakiwa baridi, vali hufunga njia ya rejeta, na maji huzunguka ndani ya injini pekee hadi yapate moto. Katika injini nyingi za malori vali huanza kufunguka maji yanapofika nyuzi 82 hivi au zaidi kidogo, na hufunguka kabisa karibu na nyuzi 95. Lori linapopanda hufunguka, linapoteremka hufunga. Haihitaji umeme, na dereva haigusi.

Dawa inayozidisha ugonjwa

Wanaoing'oa themostati hutoa hoja moja: bila kizuizi hicho, maji yatapita kwa wingi kwenye rejeta na injini haitachemka. Hoja hiyo ina mantiki ya mtaani, lakini haizingatii jinsi injini nyingi za malori zilivyoundwa.

Themostati za aina nyingi zina kazi mbili. Sehemu ya juu inapofungua njia ya kwenda kwenye rejeta, sehemu ya chini huziba njia ya mkato, yaani ile inayoyarejesha maji moja kwa moja kwenye injini. Themostati ikiondolewa, njia ya mkato hubakia wazi wakati wote. Lori linapopanda Salama likiwa na shehena kamili, sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kuiona rejeta hata kidogo. Matokeo yake ni kwamba lori lisilo na themostati huweza kuwa baridi kupindukia kwenye tambarare na mteremko, na bado likachemka mlimani. Fundi wa pili huitwa, akaona hakuna tena cha kung'oa, akashauri rejeta ibadilishwe.

Wakati huo dereva hutazama geji na kuona mkono wake umelala chini. Yeye huifurahia hali hiyo. Katika mafunzo yake yote aliambiwa aogope mkono ukipanda, wala hakuna aliyemwonya kuhusu mkono usiopanda. Katika malori ya kisasa, kompyuta ya injini husoma joto hilo na kudhani kwamba injini ndiyo kwanza imewashwa. Hubadilisha wakati wa kupuliza dizeli na wakati mwingine kiasi chake, ili kuisaidia injini ipate moto. Msaada huo usiohitajika huendelea kutoka Voi hadi Athi River.

Hasara haiishii kwenye dizeli. Ukuta wa silinda ulio baridi huzuia mafuta kuungua yote, na matone yanayobakia huteleza kando ya ringi hadi kwenye sampu, yakaichafua na kuilainisha oili. Mvuke unaotokana na moto wa injini nao hugeuka maji badala ya kutoka nje. Maji hayo yakichanganyika na salfa iliyo kwenye dizeli huzaa asidi inayokula beringi na kuta za silinda. Tatizo hili lilikuwa kubwa zaidi kabla ya Januari 2015, mwezi ambao mataifa ya Afrika Mashariki yalianza kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Limepungua tangu wakati huo, lakini halijatoweka. Masizi, maji na oili baridi huungana kuwa tope jeusi ambalo kila fundi aliyewahi kufungua sampu ya lori kuukuu analijua.

Kiini halisi cha lori kuchemka mara nyingi hukaa mahali pengine. Wa kwanza kushukiwa ni kifuniko cha rejeta. Maji yasiyo na shinikizo huchemka kwa nyuzi 100 mjini Mombasa, kama nyuzi 95 jijini Nairobi, na karibu nyuzi 91 huko Timboroa. Kifuniko kizima chenye shinikizo la baa moja huinua kiwango hicho hadi kukaribia nyuzi 120, hata milimani. Mpira wake ukichakaa, lori huondoka Nairobi likiwa limebakisha nyuzi chache tu kabla ya maji yake kuchemka, hata kama kila kitu kingine ni kizima. Kifuniko ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika mfumo huo, na labda ndiyo maana hakuna anayekifikiria.

Kisha kuna maji yenyewe. Dereva aliyeishiwa na maji ya rejeta karibu na Mtito Andei au Kibwezi hujaza yoyote anayopata, na katika sehemu hizo maji mengi ya visima ni ya chumvi. Chumvi na chokaa huganda kwenye vijia vyembamba vya rejeta kama ukoko unavyoganda ndani ya birika la chai, nao ukoko huo huzuia joto kutoka. Kulanti huongezwa si kwa ajili ya rangi yake ya kijani au nyekundu, bali kwa sababu huzuia kutu na ukoko, na pia huinua kiwango cha kuchemka.

Feni nayo ina hadithi yake. Feni ya lori kubwa ikizunguka kwa kasi yote huweza kumeza zaidi ya nguvu-farasi 30, kiasi kinachotosha kuendesha gari dogo barabarani. Kwa sababu hiyo watengenezaji waliiwekea klachi inayoiruhusu kulegea injini isipohitaji kupozwa. Klachi hiyo ikiharibika, mafundi wengi huifunga kwa bolti ili feni izunguke daima. Lori lililong'olewa themostati na kufungwa feni huwa limepata hasara mbili kwa mpigo, kwani linatumia dizeli kujipoza lisipohitaji kupozwa, halafu linatumia dizeli nyingine kusukuma oili iliyopozwa.

Oili ipi imfae nani?

Wapo wanaoamini kwamba oili nzito ndiyo yenye nguvu. Imani hii ni ya tangu enzi za oili za uzito mmoja, kama SAE 40, na ndiyo humfanya mwenye lori jipya kununua 20W-50 kwa kudhani anailinda injini. Kwa injini kuukuu inayokula oili na ambayo beringi zake zimelegea, uamuzi huo unaweza kueleweka, ingawa ni sawa na kuongeza maji kwenye mchuzi wakati wageni wameshafika. Kwa injini nzima, ni kuununua msuguano kwa fedha taslimu.

Nambari zilizo kwenye mtungi si fumbo. Ile inayotangulia herufi W huonyesha jinsi oili inavyotenda katika baridi kali, na W yenyewe husimamia neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi. Oili ya 15W hupimwa kwa nyuzi 20 chini ya sufuri, na ya 10W kwa nyuzi 25 chini ya sufuri. Hakuna lori linalowashwa katika baridi ya aina hiyo hapa nchini, hata Limuru mwezi wa Julai. Nambari ya pili huonyesha mnato kwa nyuzi 100. Oili ya 30 huwa baina ya sentistoki 9.3 na 12.5, ya 40 huwa baina ya 12.5 na 16.3, na ya 50 huanzia 16.3 hadi karibu 22. Kwa mwenye lori wa Kenya, nambari hii ya pili ndiyo inayohusika zaidi na dizeli.

Je, kushuka daraja kunaokoa kiasi gani? Baraza la NACFE, linalochunguza matumizi ya mafuta ya malori Marekani ya Kaskazini, lilikadiria mwaka 2016 kwamba kuhama kutoka 15W-40 hadi 5W-30 au 10W-30 huokoa baina ya asilimia 0.5 na 1.5 ya mafuta. Mwishoni mwa mwaka huo taasisi ya API ya Marekani ilizindua madaraja mawili mapya, CK-4 na FA-4. La pili ni jepesi zaidi kwa makusudi, na NACFE ilikadiria kwamba lingeongeza uokoaji wa asilimia 0.4 hadi 0.7.

Takwimu hizo zinafaa kusomwa kwa tahadhari. Sehemu ya faida hiyo hutokana na majira ya baridi ya huko, ambayo hayapo hapa. Aidha, FA-4 iliundwa kwa injini mpya za kuanzia mwaka 2017 zilizoidhinishwa na watengenezaji wake, na API yenyewe hutahadharisha kwamba haichukui nafasi ya madaraja yaliyotangulia. Kuijaza katika lori lililoingizwa nchini likiwa limeshatumika Ulaya kwa miaka kadhaa, kisha kulipandisha Mau Summit na tani 56, ni kucheza kamari na beringi. Utando wa oili unaotenganisha vyuma huwa mwembamba zaidi pale joto na mzigo vinapokutana.

Mwenye lori anaweza kuifanya hesabu mwenyewe. Tuseme injini yake huchukua lita 38 za oili, na oili nyepesi iliyoidhinishwa na mtengenezaji inazidi ile ya kawaida kwa Sh200 kila lita. Hiyo ni nyongeza ya Sh7,600 kwa kila badilisho. Ikiwa hubadilisha oili kila kilomita 20,000, lori lake litakuwa limetumia lita 10,000 za dizeli katika kipindi hicho. Akiokoa asilimia moja, ni lita 100, na kwa bei ya mfano ya Sh170 kwa lita atakuwa ameokoa Sh17,000. Akiokoa nusu asilimia pekee, ni Sh8,500, na faida yake itakuwa Sh900 tu. Injini iliyong'olewa themostati haitampa hata hiyo, kwa sababu oili ya bei ghali iliyo na nyuzi 65 ni nzito kuliko ya bei rahisi iliyo na nyuzi 90.

Hapo ndipo wauzaji wa oili huwapotosha wateja, ingawa pengine si kwa kukusudia. Huuza mtungi bila kuuliza geji inasoma nini. Joto linapaswa kurekebishwa kwanza, ndipo oili ichaguliwe, na kitabu cha mtengenezaji ndicho cha kufuatwa kuliko ushauri wa mwenye duka. Vilevile, herufi za API kwenye mtungi zitazamwe. Bado kuna mitungi madukani yenye daraja la CF, ambalo API ililitangaza kuwa limepitwa na wakati, nayo huuzwa kwa malori yanayohitaji CI-4 au zaidi. Kuna pia oili chafu iliyochujwa, ikatiwa kwenye mitungi ya kampuni zenye sifa na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Hiyo hakuna hesabu inayoweza kuiokoa.

Kujaza oili kupita alama nako hugharimu dizeli, kwani krenkishafti huipiga oili hiyo kama mtu anayepiga mayai, na kila pigo linahitaji nguvu. Kuchelewa kuibadilisha hugharimu pia, maana masizi huizidishia oili uzito kadiri siku zinavyopita. Rangi nyeusi peke yake si ushahidi wa lolote. Oili ya dizeli huwa nyeusi baada ya muda mfupi, na weusi huo huonyesha kwamba inafanya kazi yake ya kuyabeba masizi.

Kumpima dereva kwa haki

Kabla ya mwajiri kukata mshahara, yako mambo kadhaa yaliyo ndani ya uwezo wake. Tangi lijazwe hadi pomoni pampuni kabla ya safari na lijazwe tena kwa pampu hiyo hiyo baada ya kurudi, badala ya kutegemea kijiti. Uzani uliosomwa kwenye vituo vya mizani vya Mariakani, Athi River, Gilgil na Webuye uandikwe kando ya lita zilizotumika, kwa kuwa lori lililorudi na shehena kutoka Uganda haliwezi kulinganishwa na lililorudi tupu. Saa za foleni ziandikwe. Dereva aandike pia geji ilivyosoma Voi, Salama, Naivasha na Timboroa. Geji ikisoma chini ya kiwango kwenye tambarare safari baada ya safari, kesi ya wizi inafaa kuahirishwa hadi fundi aifungue nyumba ya themostati na kutazama kama imo.

Ikiwa imo, kuna jaribio ambalo mafundi hulifanya kwa sufuria ya maji na kipimajoto. Themostati huning'inizwa kwa uzi ili isiguse chini, maji hupashwa moto, na fundi huangalia nyuzi ambapo vali inaanza kuachana na kiti chake. Nambari ya kulinganisha huwa imechongwa kwenye kifaa chenyewe. Ikianza kufunguka nyuzi mbili tatu karibu na nambari hiyo, ni nzima. Ikikaa wazi hata kabla ya maji kupata moto, imekwama na inahitaji kubadilishwa, si kuondolewa. Fundi wa Eldoret azingatie jambo moja zaidi. Mji huo uko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na maji ya sufuria huchemka kwa nyuzi 93 hivi. Themostati inayohitaji nyuzi 95 ili kufunguka kabisa itaonekana imeishia njiani maji yakitokota, ilhali haina kasoro yoyote, na wengi wameshaitupa themostati nzima kwa sababu hiyo.